Dobi Hatoi Mji

Alhamisi, saa tisa alasiri, Fundi Lifti aliingia dukani akiwa na tiketi ya suti mkononi, na Dobi akajua papo hapo kwamba mchezo umekwisha.

Hakuhitaji kuambiwa. Kwa miezi saba suti ile nyeusi ilikuwa imening'inia mwisho kabisa wa bomba la nguo, ndani ya mfuko wake wa nailoni. Kwa miezi saba mwenyewe alikuwa akiingia kila Ijumaa, anaitupia jicho, anatabasamu na kuuliza, "Bado?" Naye Dobi humjibu, "Bado." Leo haikuwa Ijumaa, na suti hakuitazama. Alitazama sakafu, kama mtu anayetafuta kifungo kilichodondoka.

"Karibu, Fundi," alisema Dobi. Alikuwa na pasi ya mvuke mkononi, shati la mtu limelala mbele yake. "Umekuja mapema. Lifti zote zimepona leo?"

"Zimepona."

"Na wewe?"

Aliweka tiketi juu ya kaunta akainyoosha kwa kidole gumba, mara mbili, ingawa haikuwa imekunjamana.

"Nimekuja kuchukua ile suti."

Nyuma ya pazia, mahali pa karai na sabuni, mlio wa maji ulikatika ghafla. Pale alikuwepo Shangazi, mwenye duka, mwanamke aliyemlea Dobi tangu ana miaka sita, na ambaye masikio yake hayakuwahi kukosa neno la mteja hata moja.

"Sheria unaijua," Dobi alisema, akijaribu kucheka. "Suti haitoki mpaka nitegue, au nitoe mji. Na mimi—"

"Wewe hutoi mji. Najua."

"Basi?"

"Basi naihitaji, Dobi. Jumamosi ninaoa."

Dobi hakusikia vizuri, au alisikia na masikio yakakataa kupokea.

"Jumamosi ipi?"

"Hii."

"Hii ya keshokutwa?"

"Hii ya keshokutwa."

Harufu ya kitambaa kuungua ndiyo iliyomshtua. Aliinua pasi haraka, akapuliza, akageuza shati upande wa pili. Bahati ya mwenye shati, doa lilikuwa sehemu ya kuchomekea. Alijikaza kisabuni.

"Hongera," alisema. "Ninamjua?"

"Humjui. Ni mwalimu. Anafundisha shule alikostaafu mama."

"Aha. Mama ndiye aliyemwona kwanza?"

"Ndiyo."

* * *

Walikutana kwa shati, hawa wawili.

Mkabala na duka palikuwa na jengo la ofisi, na jengo hilo lilikuwa na lifti yenye tabia mbaya ya kugoma kati ya ghorofa ya tatu na ya nne. Mwezi hauishi bila watu kukwama humo wakipiga ukuta kwa viatu. Aliyekuwa akiitwa kuwatoa ni kijana mrefu, mpole, mikono ina grisi mpaka kwenye viwiko. Siku ya kwanza alileta ovaroli. Ijumaa iliyofuata akaleta shati jeupe. Ijumaa ya pili, shati lile lile. Ijumaa ya nne Dobi alilinyanyua shati, akalinusa, akamkazia macho.

"Kaka, hili shati ni safi."

"Kitendawili," alisema yule kijana.

"Tega," Dobi akajibu bila kufikiri, maana ulimi hauulizi ruhusa katika neno hilo.

"Mtu anapeleka shati safi kwa dobi kila Ijumaa. Kwa nini? Uliza unavyotaka. Mimi nitajibu ndiyo, siyo, au haihusu. Zaidi ya hapo sisemi."

"Shati lina mdudu?"

"Siyo."

"Huyo mtu ana akili timamu?"

"Ndiyo. Alikuwa nazo."

"Kwani anakuja kwa ajili ya shati?"

"Siyo."

Dobi aliegemea kaunta. Alianza kutabasamu kabla swali halijatoka. "Anakuja kumwona anayelifua?"

Kijana alishika kola yake kana kwamba imembana. "Ndiyo."

Nyuma ya pazia Shangazi alicheka mpaka akaangusha beseni.

Tangu siku hiyo, kila Ijumaa ilikuwa na fumbo lake, wiki hii anatega huyu, wiki ijayo yule. Hayakuwa yale ya utotoni ambayo jibu unalikariri mara moja ukalijua maisha. Haya ukiyaendea kwa mlango wa mbele unakuta kufuli. Sharti uzunguke, utafute dirisha ambalo hakuna aliyekumbuka kulifunga. *Mtu anapanda ngazi ghorofa tano kila asubuhi, jioni hashuki hata ngazi moja, na kesho yake anapanda tena.* Dobi alikesha na hilo siku nne, mwisho akauliza kama jengo limesimama kwenye mteremko, na kama mlango wa nyuma wa ghorofa ya tano unatokea barabara ya juu. Fundi akapiga makofi peke yake katikati ya duka. *Bibi mmoja amezima taa ili aone vizuri zaidi.* Hilo hata Dobi hakulifikia, maana Shangazi alidakia kwa sauti kutoka kwenye karai, "Anachungulia majirani dirishani! Mambo mengine hayahitaji shule!"

Aliyeshindwa alitakiwa kutoa mji. "Nakupa mji fulani," na mtegaji anaupokea, anatamba nao kidogo, kisha analitaja jibu kwa kinywa chake mwenyewe. Bila mji, jibu halisemwi. Fundi Lifti alikuwa ameshatoa miji kumi na tisa, mingine ya ng'ambo. "Nina miji kumi na tisa," Dobi alikuwa akimtania, "na bado ninalala chumba kimoja na shangazi anayekoroma." Yeye mwenyewe hakuwahi kutoa hata kijiji. Shangazi alishasema mapema: huyu tangu mdogo hatoi mji, atalala na kitendawili kama mtu anayelala na jino bovu.

Kisha, miezi saba iliyopita, Fundi aliingia na suti mpya, lebo ya dukani bado inaning'inia kwenye mkono wa koti. Aliilaza juu ya kaunta taratibu, kama mtu anayelaza mtoto.

"Kitendawili. Mwanamume amempelekea dobi suti ambayo hajaivaa hata siku moja. Amemwambia haichukui mpaka dobi ajue ni ya nini."

Sauti yake ilitetemeka kidogo mwishoni. Dobi aliliona hilo. Na tangu hapo aliuliza maswali arobaini na moja. Ni ya maiti? Siyo. Ndani kumefichwa kitu? Siyo. Mwenyewe ni jasusi? Siyo. Aliyeishona amefariki? Haihusu. Kila Ijumaa swali moja au mawili, na kila "siyo" ilimtoka Fundi kwa uzito zaidi ya ile iliyotangulia, kama mtu anayeshusha mizigo kwenye lori peke yake.

* * *

"Lazima niipige pasi," Dobi alisema sasa. Aliivuta suti kutoka mwisho wa bomba. "Imekaa sana. Ina mikunjo ya henga mabegani."

"Inaweza kwenda hivyo hivyo."

"Haiwezi. Hapa haitoki nguo na mkunjo. Hata ingekuwa ya adui. Kaa hapo kwenye benchi."

Alikaa. Dobi akapita nyuma ya pazia na suti mikononi.

Shangazi alikuwa amesimama, povu limemfika kwenye viwiko. "Nimesikia."

"Najua umesikia. Hata wapita njia wamesikia."

"Mwanangu..."

"Nipe mkasi mdogo, shangazi."

Alilifungua koti, akaligeuza ndani nje. Kila nguo iliyoingia duka lile ilishonewa namba ya mwenyewe kwa uzi mwekundu mahali pasipoonekana, ili shati la mzee lisiende kwa kijana. Fundi Lifti alikuwa themanini na sita. Ovaroli zake zote zilikuwa na themanini na sita, na lile shati jeupe pia. Lakini kwenye bitana ya suti, chini kidogo ya mfuko wa ndani, upande wa moyo, uzi ulikuwa wa bluu. Na haikuwa namba.

Dobi alichomeka ncha ya mkasi kwenye mshono wa kwanza.

"Ngoja. Unafumua nini?" Shangazi alisogea, akainama, akafuata herufi moja moja kwa kidole chenye maji. Midomo yake ilicheza. Kisha akanyooka kama aliyepigwa shoti.

"*Ndiyo*," alisoma. "Umeandika 'ndiyo'?"

"Punguza sauti."

"Umeishona lini hii?"

"Siku ya tatu tangu alipoileta."

"Ya tatu! Na yale maswali yote? Maiti, jasusi, sijui fundi cherehani amekufa..."

"Nilikuwa namsubiri."

"Unamsubiri nini, wewe mtoto?"

"Aseme." Dobi alikata uzi wa kwanza, akauvuta. "Lile la shati nilijibu mimi. Mwanamume kanipenda, na mimi ndiye nikamwambia kwamba kanipenda. Sasa anataka kuoa, na mimi tena ndiye nimwambie kwamba anataka kuoa? Nilijua alipofika mlangoni tu, shangazi. Nani hajui suti mpya ni ya nini? Lakini nilitaka kuombwa. Nikasema atachoka kutega, atafungua kinywa, ataniuliza kama watu wanavyoulizana. Siku hiyo nitamwambia, tia mkono mfuko wa ndani."

"Na hakuchoka."

"Alichoka. Ila alichoka vingine."

Shangazi alijifuta mikono kwenye kanga, polepole, kidole kwa kidole. Huyu ndiye aliyekuwa akisema, zamani kabla hajazoea, kwamba mwanamume anayeongea kwa mafumbo kila wiki ana kitu anakikimbia. Leo hakulirudia.

"Nenda kamwonyeshe. Sasa hivi, kabla hujafumua yote."

"Ili iweje? Kadi zimeshachapwa."

"Kadi ni karatasi."

"Na yule mwalimu? Naye ni karatasi?"

"Kichwa kigumu kama jiwe," alisema Shangazi.

"Nimekitoa kwa baba."

"Na baba yako alikitoa wapi? Nyumba nzima ndivyo tulivyo." Akageukia karai lake, lakini hakufua. Aliyashika tu maji.

Dobi alifumua herufi zote. Nyuzi za bluu zilibaki kwenye aproni yake kama miguu ya mdudu. Akapiga pasi suruali, kisha koti, mabega, mikono, kola. Mwisho akaigeuza bitana na kuipitishia mvuke mara tatu pale ulipokuwa ule uzi. Sufu ukiipa mvuke hujifunga, tundu la sindano likapotea usilione tena. Bitana ya satini haifanyi hivyo. Kila tundu lilibaki wazi mahali pake.

* * *

Duka lile lilikuwa na desturi moja. Koti la suti halivuki mlango mpaka mwenyewe alivae mbele ya kioo. Shangazi aliianzisha baada ya mteja mmoja kurudi akilalamika kwamba koti lake limepungua, kumbe ni tumbo lililoongezeka. Dobi angeweza kuisahau desturi hiyo leo. Hakuisahau.

"Vaa," alisema.

Fundi Lifti aliingiza mkono wa kulia, kisha wa kushoto. Akavuta kola. Akageuka.

Mungu wangu. Ilimkaa. Mabega yalinyooka, ule urefu wake uliokuwa ukionekana kama ngazi iliyosahauliwa ukapata mwenyewe. Dobi alikuwa amemwona ndani ya koti hili mara nyingi sana, akiwa amefumba macho, mikono imo kwenye povu. Alidhani ameshazoea. Alinyoosha mkono kuondoa uzi begani, kama anavyomfanyia mteja yeyote, na uzi haukuwepo. Mkono ukabaki pale, na kwa muda hakuna aliyejua uondolewe vipi. Alinukia grisi kidogo, na sabuni yao.

"Umependeza," alisema, akaurudisha mkono kwake.

"Dobi."

"Tia tiketi mfukoni usije ukaipoteza. Mfuko wa nje."

Lakini mtu aliyevaa suti mpya mbele ya kioo huupeleka mkono mfuko wa ndani. Fundi alifunua koti. Vidole vyake, vilivyozoea kutafuta hitilafu ndogo gizani kati ya nyaya na chuma, vilipita juu ya satini, vikasimama.

Alisogea mwangani. Akatazama.

"Hapa palikuwa na nini?"

Dobi alikunja waya wa pasi. "Swali hilo halijibiwi kwa ndiyo wala siyo."

Alimtazama Dobi usoni kwa muda mrefu. Kisha, taratibu, kama mtu anayeshuka ngazi asizoziona:

"Palishonwa kitu?"

"Ndiyo."

"Namba yangu?"

"Siyo."

"Jina la duka?"

"Siyo."

"Lilikuwa neno?"

"Ndiyo."

"Limefumuliwa leo."

"Ndiyo."

"Lilishonwa... zamani? Wakati suti bado mpya hapa?"

"Ndiyo."

Kidole chake kilikuwa kinafuata matundu, kinarudi, kinafuata tena. "Neno lenyewe lilikuwa 'siyo'?"

"Siyo," alisema Dobi.

Gari lilipita nje. Maji yalidondoka nyuma ya pazia, tone, tone. Fundi Lifti alikaa kwenye benchi na koti lake la harusi.

"Lilikuwa jibu langu."

"Ndiyo."

"Ulijua." Alisimama tena. "Miezi saba ulijua! Unaniuliza kama mimi ni jasusi, na ulijua!"

"Siku ile ile."

"Kwa nini hukusema?"

"Kwa nini hukuuliza?"

"Niliuliza!"

"Hukuuliza, Fundi. Ulitega. Mtu haposi kwa kutega. Mimi si ndege."

Alijishika kichwa. Na hapo ndipo alipoyatoa, maneno yakigongana mlangoni. "Mama alisema unapenda mafumbo, hunipendi mimi. Alisema, peleka suti, iache pale, usiseme neno. Mwanamke anayekutaka atajua ni ya nini kabla hujavuka kizingiti. Asipojua ndani ya miezi sita, utanisikiliza mimi. Nikakubali, kwa sababu nilijua utajua! Nilijua, Dobi. Nikawa narudi nyumbani kila Ijumaa, mama ananiuliza, 'Leo kauliza nini?' Namwambia kauliza kama ni ya maiti. Mama anacheka mpaka anavua miwani."

Dobi alisikia kitu kikipoa ndani yake, kama pasi iliyochomolewa.

"Ulikuwa unampelekea mama yako maswali yangu?"

"Alikuwa akiuliza..."

"Kila Ijumaa."

Miezi miwili iliyopita mama yule, Mwalimu Mkuu kwa wote waliomjua, alikuja dukani na kitambaa cha meza kisichokuwa na doa. Alimtazama Dobi kuanzia kilemba mpaka kandambili. "Wewe ndiye binti wa maswali?" alisema. Dobi akadhani ni utani wa kifamilia, akafurahi. "Ndiye mimi, mama." "Na kusoma unajua?" "Nasoma hata madoa, mama." Mwalimu Mkuu alicheka kidogo, akaondoka. Usiku ule Dobi alilala akiamini amependwa.

"Kwa hiyo alikuja kunitazama nilivyo mjinga," alisema.

"Siyo hivyo."

"Nitegulie basi ni vipi."

Fundi Lifti alisogea kwenye kaunta, akaushika mkono wake uliokuwa juu ya mbao. Macho yake yalikuwa yamejaa maji. "Sikiliza. Jumamosi bado. Wewe sema tu. Sema neno moja, lile lile lililokuwa hapa ndani, nami natoka hivi nilivyo, naenda kwa mama, namwambia harusi hakuna. Neno moja, Dobi. Sema."

Neno lilikuwepo. Lilikuwa kwenye ncha ya ulimi, limekuwepo pale miezi saba, limepata sura ya ulimi wenyewe. Alilisikia hata likigusa meno.

Simu ya Fundi ililia.

Aliitazama. Aliuachia mkono wa Dobi, kidogo tu, ili aishike simu vizuri.

"Ndiyo, mama... Ndiyo, nimeipata... Imenikaa, ndiyo... Hapana, sijachelewa... Ndiyo, mama. Nakuja."

Aliirudisha simu mfukoni. Hata yeye mwenyewe alionekana kushangaa jinsi ile "ndiyo" ilivyotoka kwa wepesi, mara tatu, mara nne, bila kuombwa na mtu.

"Wewe ni fundi wa kutoa watu waliokwama," Dobi alisema, na sauti yake haikuwa na hasira tena, ndiyo maana iliuma. "Miaka miwili na nusu nimekuona ukiwatoa, watatu, wanne, wanalia, wanakushukuru. Na wewe mwenyewe umesimama humo humo kati ya ghorofa mbili, unangoja mwanamke aje na funguo. Nikisema leo, ni mimi niliyevunja harusi ya watu. Nikinyamaza, ni mimi niliyekukataa. Kwako wewe hakibaki kitu cha kubeba."

"Nakupenda."

"Hilo nililijua kwenye shati."

Alichukua tiketi, iliyokuwa bado juu ya kaunta, akaishika bila kuichana.

"Nakupa mji," alisema.

Nyuma ya pazia kitu kizito kilitumbukia kwenye maji.

"Unasema nini?"

"Kitendawili cha suti. Nimeshindwa. Nakupa mji."

"Lakini jibu unalo!"

"Nakupa mji, Fundi. Sheria ni yako, uliileta wewe. Ukipewa mji unaupokea, halafu unalisema jibu kwa kinywa chako."

"Mji gani?"

Dobi alitazama nje kwa kioo cha duka: barabara, jengo la ofisi, mlinzi wake anayesinzia, kipande cha mbingu kati ya paa mbili.

"Huu. Wote. Na lifti yake, na ukumbi mliokodi, na kila barabara mtakayopita nayo Jumamosi mkipiga honi. Uchukue."

"Na wewe utakaa wapi?"

"Haihusu."

Fundi alisema, akiitazama kaunta:

"Ni suti ya harusi. Mwanamume alitaka kumwoa dobi."

"Dobi gani?"

"Wewe."

"Niambie mimi. Usiiambie kaunta."

Aliinua macho. "Nilitaka kukuoa," alisema. "Nilitaka kukuoa wewe."

Dobi alifumba macho. Kichwani mwake alikuwa ameyasikia maneno haya kwa sauti zote, ya kunong'ona, ya kucheka, ya kupiga kelele kutoka ng'ambo ya barabara. Katika zote hizo hapakuwa na moja iliyoyaleta yakiwa yameshapita. Lakini yalikuwa yametoka kinywani mwake, mazima, na alikuwa ameyangoja. Aliyaacha yamwingie mpaka mwisho.

"Ahsante," alisema. Akaichana tiketi katikati, akampa nusu yake. "Usiikunje njiani. Itundike."

Fundi alilivua koti. Dobi akalitia kwenye henga na suruali yake, akavuta mfuko wa nailoni, akafunga fundo chini kama anavyomfungia kila mtu. Fundi Lifti aliondoka ameishikilia suti juu, mkono umenyooka, isiguse chini. Mlangoni aligeuka. Dobi alikuwa ameshainama kutafuta kitu chini ya kaunta ambacho hakikuwepo.

Alipoinuka, Shangazi alikuwa amesimama kwenye pazia.

"Kesho Ijumaa," alisema Shangazi, kwa sauti ndogo ambayo haikuwa yake. "Usije kazini. Lala."

"Nitakuja."

"Uje ufanye nini?"

"Nifue."

Kulikuwa na rundo la nguo za asubuhi ambazo hazijapangwa. Dobi alichukua shati la juu, jeupe, la mteja asiyemjua. Kwa mazoea akalinyanyua, akalinusa.

Lilikuwa chafu. Chafu kweli kweli, la mtu aliyekuja kufuliwa shati na hakuwa na jambo lingine.

Hapo ndipo alipolia.